Mtoto akiangukia usukani wa baiskeli milimani, usimkande tumbo

Msomaji, likizo ya Juni ikifika familia nyingi za Dar es Salaam na Tanga hupandisha watoto Lushoto kwa bibi na babu. Huko juu kuna baridi ya kuvaa sweta, na kuna kitu ambacho mtoto wa mjini hana: njia. Ziko njia za miguu zinazopita kati ya mashamba ya maharage na kabichi, zinazoingia kwenye msitu wa Magamba chini ya miti ya mkulo wanakoruka mbega, zinazoteremka kuelekea Soni, na zinazofuata migongo ya milima hadi Mtae, ambako ukisimama ukingoni unaitazama nyika ya Mkomazi chini kabisa ya miguu yako.

Zamani njia hizo zilikuwa za wakulima, wanafunzi na kina mama wenye kuni kichwani. Siku hizi zinapitwa pia na baiskeli. Wageni hukodi baiskeli za gia na kuongozwa na vijana wa hapo hapo. Watoto wa vijijini nao wanateremka kwa baiskeli yoyote iliyopo, ikiwamo ya babu ambayo breki zake zilishakufa. Na mjukuu wako kutoka Mbagala, ambaye amejifunza baiskeli kwenye uwanja wa shule ulio tambarare, atataka kuwafuata.

Simwandikii mzazi leo ili amfungie mtoto ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za mazoezi kila siku, na baiskeli ni njia nzuri ya kuzipata. Inaimarisha moyo, mapafu na misuli ya mapaja, haiumizi magoti kama kukimbia kwenye lami, na mtoto haoni kama anafanya mazoezi. Ninachotaka ujue ni nini kinachovunjika, nini kinachopasuka ndani bila kuonekana, na saa ngapi unazo mkononi mambo yakienda vibaya.

Kwanza fahamu mteremko wenyewe. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Magamba vinafika karibu mita 2,300. Mombo, pale chini kwenye barabara kuu, iko chini ya mita 500. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 tu, kwa hiyo ndani ya kilometa hizo baiskeli inashuka karibu kilometa nzima kwenda chini, kona baada ya kona, huku mabasi na malori yakipanda. Njia za msituni ni fupi zaidi lakini kali zaidi, zenye mizizi, mawe na udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama sabuni.

Tumbo: jeraha linalodanganya

Nianze na lile ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Chukulia mtoto wa miaka tisa anashuka taratibu. Gurudumu la mbele linagonga mzizi, usukani unageuka upande, na mtoto anaangukia ncha ya usukani kwa tumbo. Hakuwa na mwendo mkubwa. Hakugonga kichwa. Analia dakika tano, anafuta vumbi, anaendelea kucheza. Jioni anasema tumbo linamuuma, na bibi, kwa upendo wote, anachemsha maji na kumkanda.

Ndani ya tumbo hilo mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Ncha ya usukani ni kipande kidogo cha bomba, na uzito wote wa mtoto umeshuka juu ya sehemu isiyozidi upana wa shilingi mia mbili. Misuli ya tumbo la mtoto ni myembamba na mbavu zake ni laini, zinapinda bila kuvunjika, kwa hiyo nguvu ya pigo inapita moja kwa moja hadi kwenye viungo vya ndani. Kushoto chini ya mbavu kuna bandama. Kulia kuna ini. Katikati, mbele kabisa ya uti wa mgongo, kuna kongosho na mwanzo wa utumbo mwembamba, ambavyo hubanwa kati ya bomba na mfupa kama nyanya kati ya vidole. Bandama au ini likichanika, damu humwagika ndani ya tumbo, wala hutaona tone lolote nje. Kongosho au utumbo ukiumia, dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili.

Sehemu ngumu ni kwamba mwili wa mtoto unajua kuficha. Mtu mzima akipoteza damu nyingi utamwona amelegea mapema. Mtoto hubana mishipa yake na kuongeza mapigo ya moyo, na presha yake inaweza kubaki ya kawaida mpaka apoteze karibu theluthi ya damu yote. Kisha anaanguka ghafla. Mtoto wa kilo 25 ana damu karibu lita mbili. Theluthi yake ni kama chupa moja na robo ya maji ya nusu lita. Tumbo linaweza kumeza kiasi hicho bila kuvimba sana.

Kwa hiyo usisubiri aanguke. Mvue shati umtazame. Alama ya duara tumboni, hata kama ni mkwaruzo mdogo kama pete, ina maana kubwa kuliko mkwaruzo mrefu wa gotini. Muulize kama bega la kushoto linauma, hasa akilala chali. Damu iliyovuja kutoka kwenye bandama huchokoza kiwambo cha kupumulia, na maumivu yake husikika begani ingawa bega halikuguswa. Tazama viganja vyake na upande wa ndani wa kope la chini kama vimepauka. Hesabu mapigo ya moyo akiwa amelala ametulia. Kwa mtoto wa umri wa shule ya msingi, yakizidi 120 kwa dakika na hakimbii wala halii, una sababu ya kuondoka nyumbani. Kutapika, hasa matapishi ya kijani, tumbo kuwa gumu, mkojo wenye damu, usingizi usio wa kawaida na kiu isiyoisha ni dalili za kwenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kukuche.

Na usimkande. Kusugua na kukandamiza tumbo kunaweza kufungua upya mchaniko ambao damu ilikuwa imeanza kuuziba, na joto hutanua mishipa. Usimpake dawa ya kuchua. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu anaweza kuhitaji upasuaji, na tumbo tupu ni salama zaidi kwenye dawa ya usingizi. Dawa kama diklofenaki na aspirini ziache kabisani, huongeza uwezekano wa kuvuja damu.

Ukifika kituoni, sema kwa maneno kamili: "Ameangukia ncha ya usukani wa baiskeli kwa tumbo, saa fulani." Ukisema tu "tumbo linamuuma", kwenye zahanati yenye foleni anaweza kupimwa malaria na minyoo na kurudishwa nyumbani. Anachohitaji ni mahali penye kipimo cha ultrasaundi, maabara ya kupima wingi wa damu na akiba ya damu ya kuongezewa. Kwa watu wa Lushoto hiyo ni hospitali ya wilaya kwanza, na ikibidi rufaa ya Bombo mjini Tanga au KCMC mjini Moshi. Huo ni mwendo wa saa kadhaa, ndiyo maana nasisitiza uondoke mapema.

Habari njema ni kwamba bandama nyingi za watoto zilizochanika hupona bila kisu. Mtoto hulazwa, hutulizwa kitandani, hupimwa damu mara kwa mara, na mchaniko hujifunga. Lakini uamuzi huo hufanywa wodini chini ya macho ya wauguzi, si sebuleni kwa bibi.

Jambo moja zaidi kuhusu bandama, kwa sababu tunaishi Tanzania. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama. Sikoseli humvimbisha bandama mtoto mdogo, na kichocho cha tumbo nacho huivimbisha. Bandama iliyovimba hutoka nje ya kinga ya mbavu na ganda lake huwa jembamba, kwa hiyo hupasuka kwa pigo dogo. Kama daktari amewahi kukuambia mwanao ana bandama kubwa, asipande baiskeli kwenye njia za milimani mpaka daktari huyo aseme imerudi mahali pake.

Halafu kuna suala la ukweli. Mtoto aliyeazima baiskeli bila ruhusa atakuambia ameteleza bafuni. Mwambie kabla ya safari, mbele ya binamu zake, kwamba akianguka hatachapwa kwa kusema. Sentensi hiyo inaweza kumwokoa kuliko dawa yoyote niliyoitaja.

Mkono uliofungwa kwa nguvu

Anayeanguka hutanguliza mikono. Kwa mtu mzima huvunjika mtulinga au mifupa midogo ya kiganja. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi tisa, mmoja wa mifupa inayovunjika mara nyingi ni wa juu kidogo ya kiwiko. Kiwiko huvimba haraka na kupinda vibaya. Mbele tu ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye mkono wote, pamoja na neva. Ncha ya mfupa ulioachana inaweza kuubana au kuuchana.

Sasa ongeza kitambaa. Milimani kuna wazee wanaoheshimika kwa kuunga mifupa, na sina nia ya kuwadharau, kwani wapo wanaojua mengi. Lakini kiwiko cha mtoto si mahali pa kufunga kwa vijiti na kamba zilizokazwa. Uvimbe huongezeka kwa saa 24 hadi 48, kamba hazitanuki, na damu inazuiwa kufika vidoleni. Misuli ikikosa damu kwa saa nyingi huanza kufa. Baada ya wiki unaona mkono umekunjika kama ukucha wa ndege na vidole haviwezi kushika kalamu, na hali mbaya zaidi ni kukatwa mkono. Mfupa ungeunga, lakini kamba ikaua mkono.

Fanya hivi. Usiuvute mkono wala kujaribu kuunyoosha. Uache katika pembe ambayo mtoto mwenyewe amechagua. Mvue bangili, saa na pete. Tumia kanga kama kitanzi cha shingoni kuubeba, na kama unaweka gazeti lililokunjwa au ubao kuutuliza, funga juu na chini ya jeraha bila kukaza, kidole chako kiweze kupita chini ya kitambaa. Kisha bonyeza ukucha wake mmoja mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Rudia kila nusu saa njiani. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka au vya bluu, vina ganzi, au akipiga kelele unapomnyoosha kidole taratibu, legeza kila kitu na ukimbie. Hizo ni saa, si siku.

Hata baada ya kuwekewa plasta hospitali, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua ni sababu ya kurudi usiku. Usiambiwe "ni kawaida ya plasta" ukakubali.

Kichwa

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya jeraha la kichwa na ubongo kwa mwendesha baiskeli aliyepata ajali kwa asilimia 63 hadi 88. Sijui dawa nyingi zenye faida ya namna hiyo kwa kuvaliwa tu. Hata hivyo kwenye njia hizi utaona mgeni amevaa helmeti na kijana anayemwongoza yuko kichwa wazi, kana kwamba fuvu lake ni la chuma.

Helmeti ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, isilale kisogoni kama kofia ya sala. Mikanda ikutane chini ya kila sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Helmeti ya bodaboda ya mtu mzima kwa mtoto haifai. Ni nzito, inamziba masikio, na inateleza na kumfunika macho kwenye kona. Helmeti iliyokwisha kugonga chini mara moja ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi.

Mtoto aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, akasahau kilichotokea, akaona mawenge au akalalamika kichwa kinauma, amepata mtikisiko wa ubongo hata kama hakuzimia. Siku hiyo baiskeli imekwisha. Apumzike siku moja au mbili bila masomo mazito na bila simu kwa muda mrefu, kisha arudi kwenye shughuli hatua kwa hatua, na kupanda baiskeli kuwe hatua ya mwisho, baada ya daktari kuridhika. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akiongea ovyo, akiwa mgumu kuamka, mboni za macho zikitofautiana, au maji meupe au damu vikitoka puani au sikioni, ni hospitali sasa hivi. Kwa maumivu mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini.

Keria na spoki

Hili ni la watoto wadogo zaidi. Mama au kaka amembeba mtoto wa miaka minne kwenye keria, miguu inaning'inia, na kwenye mteremko mguu unaingia kwenye spoki. Gurudumu linausaga ule mguu kwenye fremu. Kidonda huonekana kidogo mwanzoni, kisha ngozi ya kisigino huanza kufa siku ya tatu au ya nne. Akaguliwe siku hiyo hiyo na arudi kuangaliwa hata kama eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Kinga yake ni rahisi, viatu vilivyofungwa na kipande cha mpira au wavu wa kuziba spoki. La bora zaidi, msimbebe kwenye keria kwenye njia za mteremko.

Udongo, mbwa na pepopunda

Njia za shambani zina samadi, na samadi ina vijidudu vya pepopunda. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua na miaka. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu za kuongeza nguvu, mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wengi hawajazipata. Kidonda chenye udongo kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, na ukifika zahanati uliza: "Anahitaji sindano ya pepopunda?" Kwa kidonda kichafu, kama dozi ya mwisho ina zaidi ya miaka mitano, jibu huwa ndiyo. Usikizibe kwa majivu, majani yaliyotafunwa wala dawa ya meno.

Mbwa wa milimani hukimbiza baiskeli. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 nzima kwa saa, kisha nenda ukachanjwe kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Wewe mwenye ugonjwa wa kudumu

Wasomaji wengine wa safu hii ni wagonjwa wenyewe, na mara nyingi mnaniuliza kama mnaruhusiwa. Wengi wenu mnaruhusiwa, kwa masharti.

Mwenye pumu, hewa ya asubuhi ya Magamba mwezi Julai ni baridi na kavu kifuani, na kupanda mlima kunakufanya upumulie mdomoni. Anza taratibu, funga skafu puani na mdomoni, na kama daktari wako alikuelekeza kuvuta dawa kabla ya mazoezi, vuta dakika 10 hadi 15 kabla. Pampu ikae mfukoni mwako, isikae kwenye begi la kiongozi aliyetangulia kona tatu mbele.

Mwenye sikoseli, mambo matatu yanayochochea maumivu yako yote yako pale juu: baridi, upungufu wa maji na kuchoka kupita kiasi. Ukienda, iwe njia fupi ya tambarare, nguo kavu za kubadili, maji kila robo saa. Mteremko na mwinuko mkali waachie wengine.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, pima kabla ya kupanda, beba glukosi au soda ya kawaida yenye sukari, na usijidunge pajani kabla ya kuendesha, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hufyonza insulini haraka na sukari hushuka. Kumbuka inaweza kushuka tena usiku, saa nyingi baada ya safari. Mwenye presha isiyodhibitiwa, au anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi, amwone daktari kabla. Na mwenye kifafa ambaye bado anapata degedege asipande baiskeli kwenye ukingo wa mlima, hata akiwa na mtu wa kumsindikiza. Msindikizaji hawezi kumdaka.

Kuhusu ugonjwa wa mwinuko, usiwe na hofu Usambara. Huanza zaidi mtu akipita mita 2,500, na milima hii haifiki huko. Kilimanjaro ni habari nyingine.

Kabla ya kuteremka

Ukikodi baiskeli, usiangalie rangi. Minya breki zote mbili na usukume baiskeli mbele, magurudumu yakizunguka, rudisha. Tazama raba za breki kama zimebaki na nyama. Tazama ncha za usukani. Kama mpira wa kushikia umechakaa na bomba liko wazi, au ncha haina kizibo, umeshasoma hapo juu bomba hilo linafanya nini. Kipande cha tyubu kilichofungwa vizuri kwa gundi kinasaidia, nacho karibu ni bure. Siti iwe ya urefu ambao mtoto anagusa ardhi kwa vidole vya miguu yote miwili. Baiskeli kubwa "atakayoikulia" ndiyo inayomshinda kwenye kona.

Mfundishe breki ya nyuma na ya mbele pamoja, kwa kubana na kuachia, na makalio yarudi nyuma ya siti kwenye mteremko mkali. Breki ya mbele peke yake ikibanwa ghafla humrusha juu ya usukani. Na ile breki ya mguu, kandambili kwenye tairi la nyuma, ife kabisa. Mvua ikinyesha rimu hulowa na breki huchelewa kushika, kwa hiyo katika masika, Machi hadi Mei, njia za udongo zipumzishwe. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo ulizia ofisini kwao njia ipi inaruhusiwa, na mwache mtu nyumbani anayejua mmepita wapi. Mabondeni simu hazishiki.

Kama mtu ameanguka vibaya na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, msimnyanyue kwa makwapa na kumketisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Najua ndiyo usafiri uliopo. Lakini watu wa milima wana machela, na machela hapa ni bora kuliko pikipiki. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikiwa sawa na kifua, na asikiachie. Wengine wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, machela iingizwe chini, na blanketi zilizoviringishwa ziwekwe pande zote za kichwa. Wabebaji wapokezane bila kukimbia mpaka kwenye barabara inayofikiwa na gari. Kama anatapika, mgeuzeni mzima mzima kwa ubavu asikabwe.

Lini arudi kwenye baiskeli

Mkono uliovunjika huchukua wiki tatu hadi sita kuunga kwa mtoto, na muda zaidi kurudisha nguvu ya kubana breki. Mpime kwa hilo: kama hawezi kuminya breki kwa vidole viwili akashikilia, hajawa tayari.

Bandama iliyochanika inahitaji wiki kadhaa bila baiskeli, mpira, mieleka wala kupanda miti, na mchaniko mkubwa huhitaji miezi. Ataonekana mzima baada ya wiki moja na atakusumbua. Omba hospitali ikuandikie tarehe, uibandike ukutani, na upeleke nakala kwa mwalimu wa michezo.

Kama bandama iliondolewa kwa upasuaji, maisha yake yanaendelea, lakini amepoteza askari mmoja muhimu. Anahitaji chanjo dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, na daktari ataamua kama anywe antibiotiki kila siku kwa muda. Malaria kwake inaweza kuwa kali zaidi, hivyo alale kwenye chandarua kila usiku, hata Lushoto kwenye baridi, na hasa akirudi Dar. Homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo bila kupitia duka la dawa. Andika maneno "hana bandama" kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, na umfundishe mwenyewe kuyasema.